Mjomba, Dada na Posa ya Ujiji

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tunarekodi hapa Mwanga, Kigoma, na leo umeme upo, kwa hiyo tuwahi. Mimi ni Baraka, niko na dada yangu Zuhura, muuguzi wa afya ya akili. Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba. Usiutaje umeme, utaukatisha.

BARAKA: Haya. Kuna binti wa Ujiji katutumia ujumbe wa sauti. Mshenga keshafika, barua ya posa imepokelewa, mahari inazungumzwa. Sasa upande wa mwanamume wamepata habari kwamba mjomba wa binti ana skizofrenia, na dada mkubwa wa binti ana baipola. Mzee mmoja kasema, "Ukoo huo una wazimu wa aina mbili, tuachane nao." Binti anauliza: ni magonjwa mawili au ni moja? Na ni la ukoo kweli?

ZUHURA: Binti kaeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki. Mjomba alianza kusikia sauti akiwa kijana, akajitenga, akaamini majirani wanamtilia sumu kwenye mtungi wa maji. Awe na furaha au huzuni, sauti ziko pale pale. Dada wa binti alikuwa na duka la vitenge. Ghafla halali, anaongea bila kituo, anagawa vitenge bure, anawaambia wateja kwamba serikali imekubali kumuuzia Liemba.

BARAKA: Liemba hii meli yetu?

ZUHURA: Hiyo hiyo ya Wajerumani. Miezi ikapita, akaangukia upande wa pili: hataki kula, haogi, anataka kufa. Ukiwakalisha hawa wawili kwenye benchi moja utasema ni magonjwa mawili, na ndivyo daktari wa Ujerumani, Emil Kraepelin, alivyoyatenganisha mwaka 1899. Vitabu vikamfuata karibu karne nzima.

BARAKA: Na alikosea?

ZUHURA: Kwa dalili, hakukosea sana. Kwa vinasaba, yaani vile tunavyorithi kwa wazazi, ukuta ule aliouweka una matundu. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kumbukumbu za familia zaidi ya milioni 2. Ndugu wa mtu mwenye skizofrenia walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata skizofrenia, hilo lilitarajiwa. Lakini hatari yao ya baipola nayo ilipanda. Na kinyume chake hivyo hivyo.

BARAKA: Si wanaishi nyumba moja? Mtoto anaiga.

ZUHURA: Nilijua utasema. Waliwaangalia pia watoto walioasiliwa, waliolelewa na watu wengine kabisa. Mzazi aliyemzaa akiwa na ugonjwa mmoja kati ya haya mawili, mtoto alikuwa na hatari zaidi ya kupata hata ule mwingine. Nyumba ya kuiga haikuwepo. Baadaye walipolinganisha vinasaba vyenyewe, wakaona sehemu kubwa ya vile vinavyoongeza hatari ni vile vile, zaidi ya nusu. Kuna kimoja kinaitwa CACNA1C, kinahusika na milango ya kupitisha kalsiamu kwenye seli za neva. Kimejitokeza kwenye yote mawili.

BARAKA: Kwa hiyo kinasaba cha wazimu kipo.

ZUHURA: Hakipo! Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia peke yake. Kila moja linasukuma kidogo mno, na mengi ya hayo wewe unayo, mimi ninayo.

BARAKA: Kama dagaa, mmoja mmoja hashibishi.

ZUHURA: Haya, dagaa. Lakini usisahau tofauti nazo zipo. Kuna watu waliozaliwa na kipande kinachokosekana kwenye kromosomu ya 22, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Hao hatari yao ya skizofrenia inapanda sana, kwa baipola haionekani hivyo. Baipola nayo ina undugu wa karibu na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka.

BARAKA: Basi yule mzee ana haki?

ZUHURA: Kasikia "ukoo" akaishia hapo. Kwa watu wote, skizofrenia humpata karibu mtu 1 kati ya 100. Mzazi mmoja akiwa nayo, ni takriban watoto 10 kati ya 100. Maana yake 90 hawaipati. Na huyu binti si mtoto wa mjomba, ni mpwa, kwa hiyo yuko mbali zaidi. Hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vile vile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Kuna mengine yanayochangia: matatizo wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi. Vijana wa mialoni mnanisikia kwenye bangi?

BARAKA: Wanajifanya hawasikii. Mchumba akitaka wapime damu?

ZUHURA: Hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia nani ataugua. Kuna hesabu za hatari zinazojumlisha vile vinasaba vidogo vidogo, lakini zimetengenezwa zaidi kwa damu za watu wenye asili ya Ulaya, kwetu zinapwaya. Ndiyo maana kumekuwa na kazi ya kukusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Mtu akikuuzia kipimo hicho leo, kakuibia.

BARAKA: Sasa binti afanye nini?

ZUHURA: Asiifiche historia hospitali. Akija siku moja na sonona, hata baada ya kujifungua, aseme mapema: dada yangu ana baipola. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola iliyojificha, inaweza kumrusha juu kama dada yake na vitenge. Aulize pia dada alipata nafuu kwa dawa gani. Lithiamu, dawa ya baipola, kwa mfano, ikimfaa mmoja, kuna dalili kwamba huwafaa na ndugu zake.

BARAKA: Na wakwe?

ZUHURA: Wakwe nao waulizwe. Ukoo mkubwa hapa Kigoma usio na mgonjwa wake wa namna hii sijauona. Wengine wamempeleka shamba Kasulu, wanakwambia yuko masomoni.