Ukiiacha Lami ya Marsabit

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia safari za jangwani kaskazini mwa Kenya ni hili: "Kilomita ngapi?" Haya. Isiolo hadi Moyale ni kama 500, lami tupu. Zamani malori yalipita huko kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Siku hizi unakunywa chai Isiolo, unaupita mlima Ololokwe, na mchana uko Marsabit.

Lakini anayetaka kuliona jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana huiacha lami, na hapo kilomita hazisemi kitu. Jaza tangi Marsabit, na madumu juu yake. Spea moja haitoshi, mawe ya huko ni wembe. Maji mimi hubeba lita kumi kwa kila mtu kwa siku, maana hata rejeta hunywa. Usilitegemee ziwa: mwaka 1888 msafara wa Teleki, mvumbuzi kutoka Hungaria, ulilifikia ukiwa na kiu, ukakuta maji ya magadi. Hema nalo ulifunge kwa mawe. Upepo wa Loiyangalani, kando ya ziwa, ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme, sembuse kitambaa chako!

Sasa Chalbi. Hilo ni ziwa lililokauka. Kiangazi unapita kama uwanjani. Mwaka mmoja, kwa ukaidi wangu, nilikwenda Novemba. Juu yetu mbingu nyeupe, hata wingu hakuna. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji ya milima ile yote huteremkia Chalbi. Ukoko wa chumvi ukapasuka kama utando wa maziwa, chini yake tope jeusi, gari likalala kwa tumbo. Tukachimba hadi usiku, tukalala hapohapo.

Asubuhi akatokea mzee wa Kigabra na ngamia wake. Akalizunguka gari mara moja.

"Njia mlimuuliza nani?"

"Simu, mzee."

Alicheka mpaka akajishika kwenye fimbo. Kisha akainyoosha fimbo hiyohiyo kutuonyesha changarawe ngumu, hatua kama mia mbili kutoka tulipokwama.

Tangu hapo, nikifika Maikona, ukingoni mwa Chalbi, huagiza chai na kungoja lori litokalo North Horr, ng'ambo ya jangwa. Dereva simsemeshi kwanza. Natazama magurudumu: yakiwa na vumbi, naondoka, yakiwa na tope bichi, naagiza kikombe cha pili na kuuliza pa kulala.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada, uliza.