Wanachota, Lakini Maji Hayapungui

Naomba wawili mje mbele. Karibuni. Wewe wa kushoto shika kopo hili kubwa, mwenzako kikombe. Beseni la kushoto limejaa maji, la kulia ni tupu. Kila mmoja achote kwenye beseni lake amiminie la mwenzake, kwa mpigo mmoja. Msiinamishe beseni, ulichopata ndicho hicho hicho.

Tazameni. Mwanzoni kopo linajaa pomoni, kikombe kinakwaruza plastiki tu. Sasa maji ya kushoto yamekuwa kina kifupi, kopo haliingii vizuri, linatoka na kidogo. Kikombe nacho kinatoka kimejaa. Mnaona? Vina vimeganda palepale. Msiache, endeleeni kuchota.

Huo ndio msawazo wa kikemia: vitu vinageuka kuwa vingine na kurudi vilivyokuwa, bila kiasi chao kubadilika. Na mabeseni hayalingani! Kila mwaka nasahihisha karatasi zinazosema kwenye msawazo vitu huwa nusu kwa nusu. Kinacholingana ni kasi ya kwenda na kasi ya kurudi.

Tuje kwenye urea, ile mbolea nyeupe ya chengachenga. Hutokana na amonia, na amonia hutokana na naitrojeni na haidrojeni. Fritz Haber, kule Ujerumani, alibanwa hapa: mmenyuko huu hutoa joto, kwa hiyo ukizidisha moto amonia inavunjika kurudi ilikotoka; ukiupunguza, utangoja hadi uote mvi. Viwanda, tangu kile cha Oppau, hukohuko Ujerumani, cha 1913, huchukua njia ya kati: nyuzi za Selsiasi 400 hadi 500 hivi, na shinikizo la atmosfia kama 200, yaani mara 200 ya lile la hewa inayotuzunguka, kwa kuwa molekuli nne za gesi zinageuka mbili, na ukizibana zinasukumwa upande wenye molekuli chache. Chuma ndicho kichocheo. Jamani, kichocheo hakiongezi amonia hata chembe. Kinawahisha kufika tu. Na bado gesi ikipita mara moja, ni kama asilimia 15 tu inayogeuka. Basi wanaipoza, amonia inakuwa kimiminika, wanaitoa, gesi zilizobaki zinarudishwa ndani.

Tunajuaje kwamba molekuli hazijalala? Chukua mchanganyiko uliokwisha kutulia, badilisha sehemu ya haidrojeni yake kwa deuteri, yaani haidrojeni nzito. Baadaye utaikuta deuteri ndani ya amonia, na kiasi cha amonia ni kilekile.

Eh, ninyi wawili bado mnachota? Basi, pumzikeni. Maji hayo mkamwagie mche pale nje.