Cairo, Illinois: mji ulio kati ya mito miwili

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, Marekani. Kaka Rashidi, Cairo imekaa wapi hasa?

RASHIDI: Pale mto Ohio unapoingia Mississippi, dada Neema. Maji huku, maji kule, mji katikati umezungushiwa matuta. Hakuna sehemu ya chini zaidi katika jimbo zima.

NEEMA: Mahali pa bandari hapo.

RASHIDI: Na ilikuwa bandari! Meli za mvuke, kisha reli miaka ya 1850. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Jenerali Ulysses Grant wa jeshi la Kaskazini aliweka makao yake pale, maana ukiishika Cairo umeishika mito yote miwili. Sensa ya 1920 ilikuta watu 15,203.

NEEMA: Na ya 2020?

RASHIDI: 1,733.

NEEMA: Lo! Wamekwenda wapi wote?

RASHIDI: Wengi hulaumu madaraja, kwamba treni na magari yakaacha kutegemea vivuko. Lakini daraja la reli lilifunguliwa 1889, na mji ukaendelea kukua miaka 30 baada ya hapo. Tazama badala yake 1960 hadi 1970: kutoka watu 9,348 hadi 6,277.

NEEMA: Miaka kumi tu! Kulitokea nini?

RASHIDI: Ubaguzi wa rangi, na ulikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1909 umati ulimuua Will James, mtu mweusi, hadharani, bila kesi. Mwaka 1962 John Lewis, mwanaharakati wa haki za weusi, na wenzake walipiga magoti wakisali nje ya bwawa la kuogelea ambalo weusi hawakuruhusiwa kuingia. Julai 1967 Robert Hunt, askari mweusi wa miaka 19 aliyekuwa likizo, alikutwa amekufa mahabusu. Polisi wakasema amejinyonga. Watu weusi wa mji hawakukubali, ghasia zikazuka. Mwaka 1969 wakaanza kugomea maduka yaliyokataa kuwaajiri.

NEEMA: Wenye maduka wakalegea?

RASHIDI: Wengi waliona heri wafunge kuliko kuajiri mtu mweusi.

NEEMA: Inauma sana. Na mafuriko je?

RASHIDI: Mei 2011 jeshi lililipua tuta la Birds Point, upande wa Missouri, ili kuinusuru Cairo. Zaidi ya hekta 50,000, nyingi zikiwa mashamba, zikafunikwa na maji. Kumbe mwaka 2017 serikali hiyohiyo ya shirikisho ikatangaza kufunga nyumba za umma za Elmwood na McBride, zilizoachwa zikachakaa, na familia karibu 200 zikalazimika kuhama.

NEEMA: Waliobaki wana tumaini gani?

RASHIDI: Mto uleule. Mwaka 2020 jimbo lilitangaza dola milioni 40 kwa ajili ya bandari mpya.

NEEMA: Basi ikijengwa, ajira zianze na watoto wa Cairo, na weusi wawe wa kwanza.