Chembe Moja ya Kuona na Kutibu: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari na wauguzi wa hapa Moshi, nanyi wanafunzi mliotoka Arusha: wazo la kupima na kutibu kwa kitu kimoja limeitangulia teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita. Mwaka 1941, mjini Boston, daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa wa tezi ya shingo iodini yenye mionzi. Tezi hiyo huivuta iodini yenyewe, kwa hiyo dawa iliyotibu ndiyo iliyotoa pia miale ya kupimia kiasi kilichoingia.

Saratani nyingi hazina kitu zinachokivuta kwa uhakika wa namna hiyo, na ndiyo maana watafiti wamegeukia chembe nano. Chembe ya oksidi ya chuma yenye kipenyo cha nanomita 10 hivi huvuruga uga sumaku ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na mahali ilipojikusanya huonekana peusi katika picha. Chembe hiyohiyo, ikiwekwa katika uga sumaku unaokwenda na kurudi mara 100,000 kwa sekunde, hutoa joto linaloweza kuziua seli zilizo jirani.

Nawaomba, hata hivyo, msivutwe upesi na uzuri wa wazo hili. Kiasi kinachotosha kuona si kiasi kinachotosha kutibu. Huko Ujerumani, wagonjwa wa uvimbe wa ubongo walidungwa chuma hicho ndani ya uvimbe wenyewe, kikawa kingi hata MRI isiweze tena kuonyesha eneo hilo, ikabidi wafuatiliwe kwa CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka. Chembe zikipitia mshipani hali ni ngumu zaidi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa, kwa thamani ya katikati ya matokeo yote, asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Ini na wengu hukamata sehemu kubwa njiani.

Kwa maoni yangu, faida kuu ya picha ni kumchagua mgonjwa. Katika mkoa huu, ambako saratani ya umio si ngeni na wengi hufika hospitali chakula kigumu hakipiti tena, kumpa mtu tiba nzito ambayo uvimbe wake haukuipokea ni kumwongezea mateso na kuifilisi familia yake. Chembe za metali ya gadolini zilizobuniwa Lyon, Ufaransa, zenye ukubwa wa nanomita 5 hivi, zinaelekea huko: hudungwa mshipani, huung'arisha uvimbe katika MRI, huongeza nguvu ya mionzi ya tiba palepale zilipo, kisha hutoka kwa mkojo. Daktari huona kama zimefika kabla hajapiga mionzi.

Basi ninyi mnaotengeneza chembe maabara, msianze kwa kuzirundikia kazi. Anzeni kwa kupima ni kiasi gani kinafika, kiasi gani kinakwama kwenye ini, na kinatoka baada ya muda gani.