"Outstanding": Sifa au Deni?

Karibu tena, ndugu mtazamaji. Chukua kalamu na kipande cha karatasi. Leo tuna neno moja tu la Kiingereza, lakini linagusa mfuko wako: "outstanding".

Nimelichagua kwa sababu ya dada mmoja, jirani yangu. Alinijia jioni na karatasi ya shule ya mwanawe, imekunjwa mara nne. Juu jina la mtoto, katikati ada, chakula na sare, na chini kabisa, kwa wino mzito: "Outstanding: 85,000". Mwezi uliotangulia mtoto alileta ripoti yenye neno hilohilo pembeni ya alama zake za hisabati, na mwalimu wake akamweleza mama kuwa ni sifa. Basi karatasi ya pili nayo akaiweka kabatini, akijua mwanawe kasifiwa tena. Wiki mbili baadaye mtoto akarudishwa nyumbani. Liliniuma sana jambo hili. Mama yule hakukataa kulipa. Aliandikiwa kwa lugha asiyoielewa.

Hatua ya kwanza, likate neno. Andika "out", yaani nje. Andika "standing", yaani kusimama. Ni kitu kilichojitokeza. Mwanafunzi aliyewapita wenzake amejitokeza, kila jicho linamwona. Na deni lisilolipwa nalo bado limesimama huko nje, halijafungwa. Unapolitamka, mkazo uweke kwenye "stand", silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea kwenye Kiswahili.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, tukae nayo. Tazama neno linalofuata. Ukikuta "balance", "amount", "fees" au "loan", hizo ni fedha, na fedha hapo maana yake unadaiwa. Wakenya wanaotumia Fuliza, huduma ya kukopa kupitia M-Pesa, wanalijua: ujumbe unaingia kwenye simu ukitaja "outstanding amount", kisha tarehe ya kulipa. Lakini halikai kwenye fedha peke yake. "Outstanding issues" ni mambo ambayo hayajamalizwa. Kwa ndugu zetu walioko Marekani, "outstanding warrant" ni hati ya kukamatwa ambayo bado haijatekelezwa, na hiyo si ya kuipuuza hata siku moja.

Kiswahili kina neno linalokaa hapa sawasawa: kiporo. Si tunasema mechi za kiporo, zile ambazo timu bado haijacheza? Basi fanya hivi: weka "kiporo" mahali pa "outstanding" uone kama sentensi inasimama. Kazi ya kiporo, inasimama. Malipo ya kiporo, inasimama. Sasa jaribu "an outstanding teacher". Mwalimu wa kiporo? Haiwezekani. Huyo ni mwalimu wa kupigiwa mfano, aliyetia fora.

Hatua ya tatu ni fupi. Ukiona "still" au "remains" kabla yake, jambo bado halijaisha. Ukiona "most" au "truly", anasifiwa mtu au kitu. Na likiongezwa mkia, likawa "outstandingly", ni sifa tupu, deni halimo.

Kuna mtego mmoja, usikupite. "Outstanding results" shuleni ni matokeo ya kutia fora. Maneno hayohayo kwenye faili la mgonjwa yanaweza kuwa vipimo ambavyo majibu yake bado hayajatoka. Hapo usikisie, muulize daktari.

Na wewe unayeandika karatasi za ada, nakuomba: kwa deni andika "unpaid". Bora zaidi, andika "deni".

Sasa mazoezi. Simamisha video, utafsiri sentensi hizi tatu.

"Two invoices are still outstanding."

"She was the most outstanding player."

"There is outstanding work on this house."

Tayari? Ya kwanza: ankara mbili bado hazijalipwa, "still" limekuonyesha. Ya pili: yeye ndiye mchezaji aliyetia fora kuliko wote. Ya tatu inabeba maana zote mbili. Kama fundi hajapaka rangi na milango bado imeegemezwa ukutani, ni kiporo. Kama amemaliza na nyumba inapendeza, anasifiwa. Hiyo mpaka ukaitazame nyumba yenyewe.