Sechi Haina Miguu

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti, kwa kuwa ananijua, amekaa karibu na swichi ya kipaza sauti. Kwa hiyo sitaeleza hati miliki ni nini. Nyote mnazo, au mnazitamani.

Kila wiki mtu huniingilia afisini na karatasi mkononi, ya sechi, yaani upekuzi wa sajili ya ardhi. "Wakili, sechi nimefanya, iko safi." Namuuliza, kiwanja umekiona? "Nimekiona." Umekwenda na nani? "Na dalali." Hapo mimi huvua miwani.

Sechi itakuambia jina la mwenyewe, ukubwa wa kiwanja, kama kina rehani benki, kama kuna aliyeweka zuio. Yaliyoandikwa katika sajili siku ile, basi. Haikuambii yule bwana alikipataje, wala nani analala pale usiku.

Nilikuwa na mteja, kijana wetu wa hapahapa, akifanya kazi Doha. Walionizoea wanakijua kisa hiki, watanisamehe. Alinunua kiwanja Kikambala. Muuzaji wa kweli, hati ya kweli, sechi safi kama sahani ya Idi. Dalali akampeleka Jumapili mchana, akamsimamisha chini ya mwembe mkubwa, upepo wa bahari unapuliza. Nani asingepapenda? Akalipa, akarudi Doha. Mwaka uliofuata fundi anachimba msingi, akatokea mama mmoja na hati yake, nayo ya kweli vilevile. Mahali pale pa mwembe ni pake. Kiwanja cha mteja wangu kilikuwa viwanja vitatu nyuma, na sehemu yake kubwa ni timbo. Shimo la mawe, ndugu zangu! Namba katika hati yake ni hiyohiyo ya kwenye sechi, ukubwa ni uleule. Sajili haikusema uongo hata neno moja.

Sasa, siku ile ya Jumapili palikuwa na mzee pale mwembeni, ameketi anafua nazi. Aliwaamkia, wakamwitikia, wakapita. Nilimfuata baadaye nikamuuliza, mzee wangu, ulijua kiwanja si kile? Akaing'oa nazi kwenye kifuo, akaniambia: "Nilijua. Hakuniuliza."

Mpima wa ardhi angeligundua hilo asubuhi moja. Anakuja na ramani na chombo chake, anatafuta bikoni, zile alama za mipaka, moja baada ya nyingine, na ikiwa moja imefukiwa chini ya ukuta wa jirani utajua kabla hujatoa pesa. Mteja wangu alisema mpima ni ghali. Ghali kuliko timbo?

Namwona mheshimiwa kule nyuma anatikisa kichwa. Atasema: nimenunua kwa nia njema, nina hati, sheria inanilinda. Haya, twende Nyali. Kuna kiwanja pale kilitolewa mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kikauzwa, kikauzwa tena, kikafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta, ikisema ile ni njia ya watu kushukia pwani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua: utoaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo aliyenunua mwisho hakuwa na cha kulindwa, nia njema au isiyo njema. Na mnunuzi huyo si mimi wala wewe, ni kampuni. Basi usiulize jina la leo peke yake. Omba nakala ya sajili tangu mwanzo, barua ya ugawaji, ramani ya kwanza. Zikikosekana, kosa hamu nawe.

Mwenyekiti ameinua kidole, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke au mume. Sheria ni ya 2013, na "mke wangu anajua" si idhini. Shamba la marehemu: usinunue kwa mtoto mkubwa, taka hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Ardhi ya kilimo: ombi la idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ndani ya miezi sita, la sivyo mapatano yamekufa. Aliyekaa miaka 12 bila kufukuzwa anaweza kwenda mahakamani kuidai ardhi, na sechi haitamtaja. Minazi iliyomo shambani, uliza ni ya nani. Nyinyi watu wa pwani hamhitaji kuambiwa kwamba mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe wawili. Na nyumba bila ardhi… hapana, hiyo ina mhadhara wake, na ina kelele zake.

Haya, maswali. Wewe bwana wa kanzu ya kijivu, uliyekumbatia ramani tangu nianze. Njoo uikunjue hapa mezani. Na aliyekuuzia, kama yumo ukumbini, naye asogee.