Meno ya Papa Upanga

CHANDE: Karibuni tena kutoka Mtwara. Wiki hii dada Somoe kaletewa fremu kutoka Mikindani: papa upanga, yule samaki mwenye pua ndefu kama msumeno, yenye meno pande zote mbili. Ni chapa, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, kisha ikatiwa rangi kwa mkono. Tumepanga masomo matatu, kukagua, kuhifadhi na kununua. Tuanze...

SOMOE: Meno ya msumeno: 19 kushoto, 20 kulia.

CHANDE: Hata salamu? Waambie kwanza umejuaje si nakala.

SOMOE: Hamjambo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vidoti vimejipanga safu safu, hiyo ni nakala ya picha. Bamba la shaba hutoa mistari mitupu, inayonenepa na kukonda, wino umeinuka kidogo. Pembeni pana ukingo uliobonyezwa na bamba. Ukikosekana usikate tamaa, wengi hupunguza karatasi ienee kwenye fremu.

CHANDE: Kwenye picha tumbo ni jeusi, wasikilizaji, na samaki huyu akiwa hai tumbo lake ni jeupe.

SOMOE: Rangi nyeupe ya madini ya risasi hiyo, salfa ya hewani imeigeuza nyeusi. Usipitishe pamba yenye maji, itaacha alama ya duara. Mpelekee mhifadhi. Haya, meno.

CHANDE: Meno tena!

SOMOE: Ndiyo yanayotaja spishi. Pristis pristis, aliyepewa jina na Linnaeus, 1758, ana meno 14 hadi 24 kila upande, nafasi zinalingana. Papa upanga mwingine, Pristis zijsron, aliyepewa jina na Bleeker, 1851, ana 23 hadi 37, yanasongamana kuelekea ncha. Huyu ni pristis.

CHANDE: Sikubali. Mchonga bamba yuko Ulaya, anaiga mchoro wa mtu mwingine, pengine wa samaki mkavu. Pakibaki wazi anajaza. Nani wakati ule angemwambia jino moja lina uzito?

SOMOE: Ndiyo maana namwamini! Angekuwa anajaza tu, angelinganisha pande mbili.

CHANDE: Au hesabu ilimpotea. Mimi natazama pezi. La kwanza la mgongoni, kwa pristis, huanza mbele ya mapezi ya tumboni. Hapa limerudi nyuma.

SOMOE: Samaki akikaushwa mapezi hujikunja. Jino halihami.

CHANDE: Hung'oka.

SOMOE: Na huacha tundu. Halioti jingine.

CHANDE: Tena chapa hugeuza picha. Kushoto kwako huenda ni kulia kwake.

SOMOE: Basi 20 kushoto. Jumla ni ile ile, kaka.

CHANDE: Ngoja nihesabu... 18.

SOMOE: Umeruka la kwenye ncha.

CHANDE: Hilo ni doa la ukungu!

SOMOE: Doa lina mzizi?

CHANDE: Pezi, Somoe. Pezi.

SOMOE: Shikilia pezi lako. Ila wenye misumeno mikavu nyumbani: meno hayo hayo ndiyo hunasa kwenye jarife, wavu wa papa, na ndiyo yamewamaliza. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, imefunga biashara ya kimataifa ya spishi zote za papa upanga, msisafirishe nje. Chapa ya karatasi haina neno.

CHANDE: Fundi ananionyesha dakika moja. Kuhifadhi?

SOMOE: Kioo kisiguse karatasi, weka kadibodi isiyo na asidi katikati. Selotepu marufuku, tumia gundi ya wanga wa ngano. Usitundike ukuta unaopigwa na mvua ya masika, unyevu ukipita asilimia 65 ukungu...

CHANDE: Muda umekwisha. Kununua, siku nyingine.